Taya Bado Linauma Baada ya Kung'oa Jino: Umwone Nani Kwanza?

Jino lilishatoka. Ulilisikia likiachia, ukaliona kwenye kisahani cha chuma na mizizi yake yenye damu, ukarudi nyumbani ukijua kazi imekwisha. Leo ni wiki ya nne, na upande ule ule unauma. Unatafunia upande wa pili, unalalia sikio la pili, na vidonge vya kutuliza maumivu unavimeza kwa mazoea tu. Kila unayemsimulia ana jibu lake: mmoja anasema mzizi umebaki, mwingine anasema neva imeguswa, wa tatu anasema ni wasiwasi wako. Swali linalokukwamisha ni dogo kuliko hayo yote: kesho asubuhi ubishe mlango wa nani?

Hapa nalinganisha milango minne: daktari wa meno aliyekung'oa, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, mtaalamu wa kiungo cha taya na maumivu ya uso, na daktari wa mishipa ya fahamu (neva). Hakuna hata mmoja anayemfaa kila mtu. Ila kuna kosa moja ambalo nimeona watu wakilifanya katika milango yote minne, nalo ni kukubali jino la pili ling'olewe kabla maumivu ya kwanza hayajapata jina. Mimi mwenyewe nililikaribia sana. Nitafika hapo.

Wasio na muda wa kulinganisha

Ukiona uvimbe unashuka shingoni au sakafu ya mdomo inajaa mpaka ulimi unainuka, unameza mate kwa taabu, sauti imekuwa nzito, pumzi inabana au una homa ya kutetemeka, acha kusoma uende idara ya dharura. Maambukizi ya sakafu ya mdomo, ambayo daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliyaeleza mwaka 1836 na bado yanaitwa kwa jina lake, yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Kuna maumivu mengine mawili ya taya ambayo jino limesingiziwa tu. Ya kwanza ni ya moyo: taya la chini linauma ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, linatulia ukipumzika, pengine na uzito kifuani au jasho jembamba. Ya pili huwapata waliovuka miaka 50: taya linachoka katikati ya kutafuna, panja (pembeni ya kipaji, kati ya jicho na sikio) linauma, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele, macho yanaona ukungu. Huo ni uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani, na ukicheleweshwa unaweza kuondoka na jicho. Yote mawili yanatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, na maumivu ya kifua yasiyotulia yanakwenda dharura moja kwa moja.

Kawaida inaishia wapi

Maumivu ya kung'oa jino yana mwendo wake. Kwa jino lililotoka bila kupasuliwa, makali ni siku mbili tatu za mwanzo, kisha yanapungua kila siku hata kama hayaishi upesi. Gego la mwisho lililohitaji kukatwa mfupa huvimba zaidi siku ya 2 au ya 3, na mdomo unaweza kukataa kufunguka vizuri kwa wiki moja au mbili. Fizi hufunika tundu kwa wiki tatu nne hivi, wakati mfupa wa ndani unaendelea kujijaza kwa miezi.

Kwa hiyo hesabu ya siku peke yake haikuambii mengi, angalia mwelekeo. Maumivu ya siku ya 10 yaliyo madogo kuliko ya siku ya 5 yanapona. Yaliyotulia kisha yakarudi, au yaliyobaki pale pale, au yaliyobadilika sura (yalikuwa ya kugonga, sasa ni ya kuunguza) yanataka uchunguzi.

Vigezo

Kila mlango nimeupima kwa mambo matano yale yale: aina ya maumivu anayoyaona vizuri aliyemo ndani, atakachokufanyia ukikaa kitini, kinachoweza kumpita, muda wa kumpata, na mtu anayemfaa. Sikuweka cheo. Nimeshaona bingwa asiyegusa shavu la mgonjwa, na daktari wa kawaida aliyepata jibu kwa kidole kimoja.

Mlango wa kwanza: daktari aliyekung'oa

*Anachokiona vizuri.* Tundu lenyewe. Matatizo mengi ya wiki za mwanzo yamo humo. Tundu kavu ndilo maarufu zaidi: damu iliyoganda inatoka au inayeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, na kati ya siku ya 2 na ya 5 maumivu yanapanda ghafla, yanapiga mpaka sikioni, mdomo unanuka. Jina hilo liliandikwa na daktari wa meno J. Y. Crawford mwaka 1896, na mpaka leo tundu hilo linawapata zaidi waliong'olewa magego ya chini na wavutaji sigara. Baada ya hapo kuna maambukizi ya kawaida, kijipande cha mfupa chenye ncha kinachojitokeza kwenye fizi, kipande cha mzizi kilichobaki, na jino la jirani lililopata ufa au lililokuwa bovu tangu mwanzo.

*Atakachokufanyia.* Atatazama tundu, atalisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kama ni tundu kavu ataweka dawa ndani. Nafuu huja mara nyingi siku hiyo hiyo. Atagonga meno ya jirani kwa kishikio cha kifaa, atayajaribu kwa baridi, atapiga picha ya eksirei ndogo. Ana kitu ambacho mwingine yeyote hana: kumbukumbu za siku ile. Anajua mzizi ulikuwa umepinda au la, ilichukua dakika ngapi, sindano za ganzi zilikuwa ngapi, kama kuna kipande alikiacha kwa makusudi kwa kuwa kilikuwa karibu na neva. Hilo la mwisho linafanyika, na si lazima liwe kosa.

*Kinachoweza kumpita.* Chochote kilicho nje ya tundu. Misuli, kiungo cha taya, neva iliyojeruhika bila alama kwenye picha. Halafu lipo la kibinadamu: si rahisi mtu kuitafuta kasoro kwenye kazi ya mikono yake. Wengine wanafanya hivyo kwa uungwana mkubwa. Wengine watakuambia "ni kawaida, itaisha" mara ya tatu bila kuvaa glavu. Ukiambiwa hivyo bila kufunguliwa mdomo, hujapimwa.

*Muda.* Ndiye wa haraka kuliko wote. Mara nyingi unaonwa ndani ya siku moja mbili.

*Anamfaa nani.* Aliye ndani ya wiki mbili tatu za kwanza, mwenye harufu, ladha mbaya, usaha, au maumivu yanayoelekezwa kwa kidole kwenye tundu. Hata ukiwa na hasira naye, rudi angalau mara moja, na uondoke na nakala ya picha ya kabla ya kung'oa. Kila mlango unaofuata utaiuliza.

Mlango wa pili: bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya

*Anachokiona vizuri.* Mfupa. Mfupa uliokufa na kujitenga, maambukizi yaliyoingia ndani ya taya, taya lenye ufa, tundu la juu lililotoboka mpaka kwenye uwazi wa hewa ulio pembeni ya pua (maji unayokunywa yanatokea puani, na upande huo una kamasi yenye harufu). Ufa wa taya ni nadra, lakini una tabia ya kutokea wiki ya pili mpaka ya nne baada ya kung'oa gego la mwisho: mtu anatafuna, anasikia "ka!", na meno yanaacha kukutana kama yalivyozoea. Anaona pia tundu ambalo halifungi. Tundu lililojaa nyama inayotoka damu ovyo baada ya wiki kadhaa lazima likatwe kipande na kupimwa, kwa sababu saratani ya kinywa wakati mwingine hujificha nyuma ya jino lililokuwa likilegea "bila sababu".

*Atakachokufanyia.* Picha ya eksirei ya taya zima, au skani ya CT ya meno inayoonyesha mfupa kwa pande zote. Atapima ganzi ya mdomo na ulimi. Akihitaji, atafungua, atatoa kipande, atapeleka maabara.

Atakuuliza dawa unazotumia, na hapa usifiche kitu. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati na asidi ya zoledroniki, na sindano ya denosumabu, zinaweza kuufanya mfupa wa taya ushindwe kupona. Daktari Robert Marx wa Marekani alitoa taarifa ya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2003. Mfupa ukibaki wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu aliyewahi kutumia dawa hizo, na hakuwahi kupigwa mionzi ya taya, huo ni ugonjwa wenye jina lake na matibabu yake. Aliyewahi kutibiwa kwa mionzi ya kichwa na shingo naye aseme, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

*Kinachoweza kumpita.* Mkono uliozoea kufungua hushawishika kufungua. Maumivu ya neva yana mtego mbaya: kila unapokwangua tundu upya unaijeruhi neva upya, na maumivu yanaweza kurudi makubwa kuliko mwanzo. Bingwa mzuri analijua hili, na ndiye utakayemsikia akisema "sioni sababu ya kufungua". Usiondoke umenuna ukiambiwa hivyo. Umepewa nusu ya jibu.

*Muda.* Siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, na mara nyingi anataka barua ya rufaa. Mwenye usaha, mwenye homa au mwenye ganzi mpya asikubali foleni ndefu. Aombe barua iandikwe kuwa ni ya haraka.

*Anamfaa nani.* Mwenye tundu lisilofunga, uvimbe unaorudi baada ya kila dozi ya antibiotiki, mfupa unaoonekana au kuguswa kwa ulimi, meno yasiyokutana, na kila aliyeachwa na ganzi ya mdomo wa chini au ulimi. Kwa huyu wa mwisho saa inahesabu. Neva iliyokatika au kubanwa ikihitaji kushonwa au kuachiliwa, miezi michache ya mwanzo ina matumaini kuliko baadaye. Kusubiri mwaka mzima ukiambiwa "itaamka yenyewe" ni kujidhulumu, ingawa ni kweli nyingi huamka zenyewe.

Mlango wa tatu: mtaalamu wa kiungo cha taya na maumivu ya uso

Huu ndio mlango ambao watu hawaujui, na ndio ulionifungulia mimi.

Niling'olewa gego la mwisho la chini, kulia. Lilichukua muda mrefu, mdomo wazi kwelikweli, na mkono wa daktari ukilisukuma taya kushuka. Wiki ya tano nilikuwa na picha mbili za eksirei, zote safi, na daktari wa tatu ambaye aliniambia gego lililobaki jirani "litakuwa ndilo" na tuling'oe tumalize. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisema ndiyo. Tarehe ikapangwa. Siku mbili kabla ya hapo nilimwona mtaalamu wa maumivu ya uso kwa bahati tu, kwa sababu mtu mwingine hakutokea kwenye miadi yake. Hakuangalia mdomo kwanza. Aliweka vidole viwili shavuni, pale msuli unapovimba ukiuma meno, akakandamiza, akahesabu mbili. "Hayo ndiyo maumivu yako, au ni mengine?" Yalikuwa hayo hayo. Yale ya jino. Yale niliyokuwa tayari kung'olewa gego zima kwa ajili yake, yalikuwa yamekaa chini ya vidole vya mtu, nje ya mdomo.

*Anachokiona vizuri.* Misuli ya kutafuna na kiungo kinachoshikisha taya na fuvu, mbele ya sikio. Kukaa na mdomo wazi muda mrefu kunaweza kuvichosha au kukiteguza kisahani laini kilichomo kwenye kiungo. Sindano ya ganzi ya gego la chini nayo inapita karibu na msuli wa ndani wa taya. Ikivujisha damu humo, mdomo unakaza siku chache baadaye. Anayesaga meno usingizini anaamka taya likiwa limechoka kabla ya kifungua kinywa.

*Atakachokufanyia.* Kazi yake kubwa ni ya vidole na rula. Utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi wa magonjwa ya kiungo cha taya, uliochapishwa mwaka 2014, unasema msuli wa shavu na wa panja ukandamizwe kwa uzito wa karibu kilo 1, na swali la msingi ni lile nililoulizwa: je, ni maumivu unayoyajua? Maumivu mapya ya kubonyezwa hayahesabiwi. Atapima pia mdomo unafunguka milimita ngapi. Watu wazima wengi hufikisha 40 au zaidi kati ya meno ya mbele. Nyumbani unaweza kujijaribu kwa vidole vyako vitatu vilivyopangwa wima. Vikiingia viwili tu, liandike. Matibabu ya mwanzo ni mepesi: chakula laini kwa muda, kitambaa cha moto, mazoezi ya taratibu, kuacha kugusanisha meno mchana, pengine kinga ya plastiki ya kuvaa menoni usiku.

*Kinachoweza kumpita.* Anayejua misuli huona misuli. Shavu linaweza kuuma kwa kubonyezwa na bado kuna usaha chini ya mfupa, kwa sababu msuli hukaza kulinda mahali penye kidonda. Kwa hiyo picha ya tundu ifanyike kabla yake. Na jina hili halina mwenyewe mmoja: anaweza kuwa daktari wa meno aliyesomea maumivu ya uso, au mfiziotherapia (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) aliyejifunza taya. Yeyote atakayependekeza kukusagasaga meno mazima ili "yakutane vizuri" kama tiba ya kwanza, mkimbie. Kilichosagwa hakiwekwi tena.

*Muda.* Ni wachache na wanakaa mbali na wengi wetu. Ikiwa hapatikani, daktari wa meno mwenye subira anaweza kufanya uchunguzi ule ule. Vidole na rula hata yeye anavyo.

*Anamfaa nani.* Ambaye tundu lake limefunga vizuri na picha ni safi, lakini taya limekaza, linalia kiungoni, linauma zaidi asubuhi au baada ya kutafuna, na maumivu yanasambaa panjani na sikioni kiasi kwamba hawezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja.

Mlango wa nne: daktari wa mishipa ya fahamu

*Anachokiona vizuri.* Maumivu yasiyo na kidonda. Yapo ya aina mbili kuu, na tofauti yake inabadilisha dawa. Ya kwanza ni ya neva iliyojeruhika: yanaunguza, hayakatiki, na mahali penyewe pana ganzi au, kinyume chake, hata upepo au mswaki ukipita panawaka. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kinywa na uso wa mwaka 2020 unayahesabu kuwa ya jeraha yakianza ndani ya miezi 6 tangu neva kuumia na kudumu zaidi ya miezi 3. Ya pili ni shoti: yanapiga kama umeme, sekunde chache mpaka dakika mbili, kisha kimya kabisa, halafu yanapiga tena ukinawa uso au ukiongea. Haya ya pili mara nyingi yalikuwepo kabla ya jino kung'olewa, na ndiyo yaliyolisababisha ling'olewe bure. Kuna watu wamepoteza upande mzima wa meno namna hiyo, jino baada ya jino.

*Atakachokufanyia.* Pamba na pini. Macho yamefungwa, anapitisha ncha ya pamba kutoka shavuni kuja kidevuni, nawe unasema "sasa" pale hisia zinapobadilika. Anatia nokta kwa kalamu. Nokta zikiunganishwa zinachora ramani kwenye uso wako, na ramani hiyo inamwambia tawi lipi la neva limeguswa. Ipige picha kwa simu kabla hujanawa. Miezi mitatu baadaye utaona kama eneo limepungua. Anaweza kuagiza MRI (picha ya mashine ya sumaku) kuhakikisha hakuna kinachoibana neva huko ndani ya fuvu. Dawa zake si za kutuliza maumivu za kawaida: amitriptilini, gabapentini au pregabalini kwa neva iliyojeruhika, na kabamazepini kwa yale ya shoti, ambayo imekuwa ikitumika kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Zinaanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Kabamazepini inataka vipimo vya damu, na upele wowote wa ngozi ukitokea, daktari aambiwe mara moja. Usiazime kidonge cha mtu.

*Kinachoweza kumpita.* Jino. Daktari huyu hana kioo cha meno wala eksirei ya jino, na gego lenye ufa linaweza kupiga shoti inayofanana sana na ya neva kila unapouma kitu. Usiende kwake kabla meno hayajachunguzwa.

*Muda.* Kwa kawaida ndiye anayechelewa kupatikana kuliko wote, na dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Mwanzo wa kipindi hicho unahitaji uvumilivu, na pia mtu wa kukupokea simu ukipata kizunguzungu.

*Anamfaa nani.* Mwenye maumivu ya kuunguza, shoti au ganzi, ambaye vidonge vya kawaida havimsaidii hata kidogo na mdomo wake hauna kasoro inayoonekana.

Kuhusu picha, kwa ufupi

Watu wengi wanaomba picha kubwa zaidi kana kwamba maumivu hupigwa picha. Eksirei ndogo inatosha kuona kipande cha mzizi. Ya taya zima inaonyesha ufa mwingi na mifupa kwa jumla. Skani ya CT inasaidia pale mzizi unapolala juu ya njia ya neva. MRI ni ya vitu laini: kisahani cha kiungo, neva, ubongo. Hakuna hata moja inayoonyesha msuli uliochoka. Na maambukizi ya mfupa yanaweza kutoonekana kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo, kwa sababu mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake kwanza. Picha safi ya wiki ya pili haifungi mjadala wa wiki ya sita.

Ukiwa katika hali hii

Siku ya 3, maumivu yamepanda ghafla na mdomo unanuka: rudi kwa aliyekung'oa, leo. Usijisukutue kwa nguvu wala kujaza vitu kwenye tundu.

Wiki ya pili, ganzi ya sindano haijatoka mdomoni au ulimini: mwambie aliyekung'oa aandike tarehe na eneo la ganzi, kisha akupe rufaa kwa bingwa wa upasuaji. Ganzi ya kidevu iliyoanza yenyewe, bila sindano wala kung'oa upande huo, nayo isisubiri.

Wiki ya nne, uvimbe unakuja na kuondoka na antibiotiki: bingwa wa upasuaji. Dozi ya tatu ya dawa ile ile bila picha mpya ikatae kwa adabu.

Wiki ya sita, tundu zuri, picha safi, taya zito asubuhi: mtaalamu wa kiungo cha taya, au daktari wa meno yeyote aliye tayari kukubonyeza shavu.

Gego la juu, uso mzito ukiinama, kamasi upande mmoja: bingwa wa upasuaji pamoja na daktari wa masikio, pua na koo. Hawa wawili wanahitajiana.

Mwezi wa nne, yanaunguza mchana kutwa: daktari wa mishipa ya fahamu, ukiwa na karatasi moja tu mkononi yenye tarehe ya kung'olewa, jino lipi, maumivu yalianza lini na yanafananaje, dawa ulizokwisha kutumia na kila moja ilifanya nini. Ukimeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi na kichwa nacho kimeanza kuuma, liandike hilo pia, maana vidonge vyenyewe vinaweza kuwa vimeshaanza kukiumiza.

Na ukiwa pale nilipokuwa mimi, umepangiwa tarehe ya kung'olewa jino la pili kwa ajili ya maumivu ya la kwanza, mpigie daktari kabla ya siku hiyo umuulize mambo matatu. Jino hili lilijibu nini kwenye kipimo cha baridi na cha kugongwa? Ubovu wake unaonekana kwenye picha ipi? Ukilitia ganzi peke yake, maumivu yangu yanaondoka au yanabaki? Hilo la tatu linaweza kujaribiwa kitini siku hiyo hiyo: jino likifa ganzi na maumivu yakabaki, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo kiko kwingine. Akikujibu yote matatu, nenda. Akishindwa, ahirisha, na uchukue nakala za picha zako kabla hujaondoka mapokezi.